Vitabu Sita vya Likizo

Mwishoni mwa Julai, shule za Uingereza zinapofungwa kwa wiki sita hivi, maktaba za umma za huko hujaa watoto. Mtoto wa miaka 4 hadi 11 anafika kaunta na mama, babu au dada yake mkubwa, anaandikishwa bila malipo, na anakabidhiwa karatasi ngumu yenye picha za rangi na nafasi tupu za kubandikia stika. Kazi yake ni kusoma vitabu sita kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Anaazima viwili au vitatu, anavirudisha, anaulizwa amevionaje, anapewa stika zake, anaazima vingine. Baadhi ya stika zina harufu: ukizikwaruza kwa ukucha zinanukia, na mtoto anayeijua siri hiyo hana subira ya kufika kitabu cha nne. Akitimiza sita anapata cheti, na maktaba nyingi humvisha medali pia.

Zoezi hili linaitwa Summer Reading Challenge. Lilianza mwaka 1999, na kwa miaka mingi sasa linaratibiwa na shirika la hisani la The Reading Agency pamoja na maktaba za halmashauri. Kila mwaka lina mada yake. Mwaka 2016 ilikuwa vitabu vya Roald Dahl, aliyetimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, 2019 ilikuwa safari za anga, miaka 50 baada ya binadamu kukanyaga Mwezi, 2022 ilikuwa sayansi na uvumbuzi, 2023 michezo. Mwaka 2020 maktaba zilipofungwa kwa sababu ya korona, lilihamia mtandaoni. Katika mwaka mzuri watoto zaidi ya 700,000 hujiandikisha.

Idadi hiyo inavutia, lakini haijibu swali lenyewe. Je, zoezi la namna hii linamfanya asiyesoma awe msomaji, au linawagawia stika watoto ambao wangesoma tu hata kama stika zisingekuwapo? Nikipima yaliyoandikwa na watafiti kwa karibu nusu karne, naona kazi inafanywa na mambo matatu ambayo hayapewi nafasi kubwa kwenye mabango: kitabu kutoka maktaba na kuingia nyumbani, mtoto kukichagua mwenyewe, na mtu mkubwa wa kumsikiliza akikisimulia. Medali ni pambo. Mtoto asiyefikiwa na hayo matatu, zoezi linampita hata litangazwe vipi.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Waingereza wanavyolitumia leo. Huko Cleveland, Marekani, maktaba ya umma iliunda chama cha watoto wasomaji mwaka 1897, na sharti lake kuu lilikuwa usafi: mkono unaoshika kitabu uwe umenawa, na kurasa zisikunjwe. Katika karne ya 20 maktaba za Marekani zikazoea kuandaa usomaji wa likizo kila mwaka, na tangu 1987 kumekuwapo ushirika, ulioanzia jimbo la Minnesota, unaoziwezesha kutumia mada moja na vifaa vya pamoja. Sababu iko wazi. Likizo ya Marekani huchukua wiki kumi hadi kumi na mbili, na kwa muda wote huo mwalimu hayupo.

Kinachotokea katika wiki hizo ndicho alichokitafuta mwanasosholojia Barbara Heyns katika kitabu chake cha mwaka 1978. Aliwafuatilia wanafunzi wa darasa la sita na la saba katika jiji la Atlanta ili atenganishe anachopata mtoto shuleni na anachopata kwingineko. Alikuta kwamba pengo kati ya watoto wa wenye nacho na wa wasio nacho linapanuka zaidi shule zinapofungwa, na kwamba katika shughuli zote za likizo, kusoma ndiko kulikoambatana kwa uhakika zaidi na kukua kwa msamiati. Waliosoma angalau vitabu sita waliwatangulia wasiosoma. Na taasisi iliyoonekana kuwasaidia watoto zaidi katika miezi hiyo ilikuwa maktaba ya umma. Kuna jambo moja katika kazi yake ambalo hutajwa kwa nadra, nami naliona zito kuliko yote: umbali. Mtoto aliyeishi karibu na maktaba aliitumia. Aliyeishi mbali, mara nyingi hakuitumia.

Baada yake, Karl Alexander na Doris Entwisle waliwafuata watoto wa Baltimore kuanzia darasa la kwanza mwaka 1982, wakaendelea nao hadi utu uzima. Wao walilifananisha jambo hili na bomba la maji. Shule ikiwa wazi, maji yanamfikia kila mtoto. Shule ikifungwa, bomba limefungwa, na mwenye tangi nyumbani ndiye anayeendelea kunywa. Uchambuzi wa mwaka 1996 uliokusanya tafiti nyingi, ukiongozwa na Harris Cooper, ulikadiria kwamba kwa wastani mwanafunzi hupoteza kama mwezi mmoja wa masomo katika likizo, na kwamba katika kusoma, watoto wa familia zenye kipato hawarudi nyuma huku wa familia maskini wakirudi.

Wanaotaka kulitetea zoezi la maktaba kwa kishindo hupenda kuishia hapo. Haki inadai tusonge mbele. Mwaka 2019 Paul von Hippel na mwenzake walichapisha kazi inayoonyesha kwamba mitihani iliyotumika Baltimore ilipimwa kwa namna iliyokuza pengo la likizo, na kwamba ukitumia vipimo vipya picha inabadilika: sehemu kubwa ya tofauti kati ya watoto iko tayari kabla hawajaingia darasa la kwanza. Sioni kwamba hoja hiyo inaifuta kazi ya maktaba. Inatuondolea ahadi kubwa mno, ile ya kwamba wiki sita za likizo zitafuta umaskini wa familia, na inatuelekeza kwa watoto wadogo zaidi. Mtoto wa miaka minne anayeandikishwa leo, asiyejua kusoma bado na anayesomewa na mtu nyumbani, ana haki ya nafasi hiyo kuliko wote.

Sasa zawadi, ambazo ndizo huwagawa watu. Wapo wanaosema mtoto asipewe chochote kwa kusoma, kwa sababu kusoma kwenyewe ni zawadi. Wapo wanaosema mtoto ni mtoto, mpe kitu aje. Ushahidi unaotajwa sana ni wa mwaka 1973, uliofanywa na Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichukua watoto waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliambiwa tangu mwanzo kwamba wakichora watapata cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. Kundi la pili halikuambiwa kitu, likapewa cheti kilekile kwa kushtukizwa. La tatu halikupewa. Siku kadhaa baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani, mtoto achague mwenyewe cha kufanya. Wale waliokuwa wameahidiwa cheti walichora kwa nusu tu ya muda wa wengine. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa na hamu hata kidogo.

Utafiti huo unapaswa kuwatia wasiwasi walioagiza medali, maana cheti kinachoahidiwa tangu mwanzo ndicho hasa kinachogawiwa. Tuusome kwa makini, hata hivyo. Watoto wa Stanford walikuwa wakipenda kuchora tayari. Mtoto anayekula vitabu kama karanga ndiye anayeweza kuharibiwa na stika, kwa kuwa unamfundisha kuhesabu kitu alichokuwa akikifurahia bila hesabu. Mtoto ambaye hajawahi kumaliza kitabu hana hamu ya kupoteza. Kwake stika ni sababu ya kuvuka mlango wa maktaba mara ya kwanza, na akishavuka, mengine yanawezekana. Ndiyo maana naona ubora wa zoezi la Uingereza uko katika udogo wake. Vitabu sita si vingi. Hakuna mshindi wa kwanza wala wa mwisho. Aliyesoma sita na aliyesoma arobaini wanapokea cheti kimoja. Mahali ambapo mashindano yameingia, yaani ubao wa majina na zawadi kubwa kwa aliyesoma vingi kuliko wenzake, watoto hujifunza haraka kuchagua vitabu vyembamba, na wazazi hujifunza kutia saini bila kuuliza.

Nchini Marekani wafanyabiashara nao waliingia: tangu katikati ya miaka ya 1980 Pizza Hut imekuwa ikiwapa watoto wa shule piza kwa kutimiza lengo la kusoma. Sitaki kuwabeza waliokula piza hizo kwa fahari. Ila zawadi isiyohusiana na kitabu humwelekeza mtoto nje ya kitabu. Zawadi iliyo bora ni kitabu kingine, kiwe chake, chenye jina lake ukurasa wa kwanza.

Kuhusu kuchagua, mfano ninaoutegemea ni wa Florida. Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliwaendea watoto wa shule za maeneo maskini, waliokuwa wakimaliza darasa la kwanza na la pili. Kila mwaka kabla ya likizo waliwaandalia maonyesho ya vitabu, mtoto akapita mezani na kuchagua 12 vya kwenda navyo nyumbani, viwe vyake kabisa. Wakafanya hivyo miaka mitatu mfululizo. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kwamba watoto hao walisoma vizuri kuliko wenzao wasiopewa, kwa kiasi kinachokaribia faida ya kumpeleka mtoto shule ya likizo, na waliofaidika zaidi walikuwa maskini kuliko wote. Na walichagua nini? Walipenda sana vitabu kuhusu nyota wa muziki na filamu. Mwalimu angeona ni upuuzi. Mtoto aliona watu anaowajua kwenye televisheni, akasoma.

Hapa ndipo wazazi wengi hukwama, na Waafrika wa ughaibuni wamo. Mtoto anatoka rafuni na kitabu cha vichekesho, au cha takwimu za wachezaji wa mpira, mzazi anakirudisha na kumpa cha historia. Katika zoezi la Uingereza kitabu chochote kinahesabiwa: katuni, vitendawili, vitabu vya kusikiliza, kitabu cha kupika. Mtoto anayejua magoli ya kila mshambuliaji wa Ligi Kuu amesoma majedwali, majina ya miji na aya fupi za wasifu, na amerudi ukurasa uleule mara kumi bila kulazimishwa. Kurudia huko ndiko kunakomfanya asome bila kuvuta silabi.

Lakini kuchagua peke yake hakutoshi, na hili watetezi wa uhuru wa mtoto hulipita haraka. James Kim na Thomas White waliwagawa wanafunzi wa darasa la tatu hadi la tano katika makundi. Waliopewa vitabu tu hawakuonyesha tofauti ya maana na wasiopewa. Waliopewa vitabu, kisha wakafundishwa na mwalimu kabla ya likizo namna ya kumsomea mtu kwa sauti na kujiuliza maswali wakati wa kusoma, ndio waliosonga mbele. Ni matokeo ya 2008, na hayapingani na ya Florida kama inavyodhaniwa: watoto wa Florida walikuwa wadogo zaidi, maskini zaidi, na walipewa vitabu miaka mitatu. Ukiyaweka pamoja unaona kitabu kinahitaji msikilizaji.

Nikirudi kaunta, kipande cha zoezi ambacho kingefaa kupewa muda mrefu zaidi ni yale maongezi mafupi kabla ya stika. Mara nyingi anayesikiliza ni kijana wa sekondari aliyejitolea kwa likizo, ameketi kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti juu. Anauliza: nani alikuchekesha? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtoto anaanza kwa aibu, kisha anasimulia hadithi yote kwa kuruka huku na huku, anarudi nyuma kurekebisha, anakumbuka jina alilolisahau. Kwa dakika tatu mtu asiye mwalimu wake wala mzazi wake anataka kujua alichosoma. Foleni ikiwa ndefu, maongezi hayo ndiyo ya kwanza kukatwa: stika, ahsante, anayefuata. Maktaba iliyopunguza wafanyakazi haiwezi kufanya vingine.

Na zimepunguza kweli. Sheria ya maktaba ya Uingereza ya mwaka 1964 inazitaka halmashauri zitoe huduma kamili na yenye ufanisi, lakini bajeti zilipobanwa baada ya 2010, karibu maktaba 800 zilifungwa katika mwongo mmoja, na nyingine nyingi zikabaki mikononi mwa watu wa kujitolea au kufunguliwa siku chache kwa wiki. Watoto wa umri wa zoezi hili Uingereza ni zaidi ya milioni tano. Hata katika mwaka mzuri, anayejiandikisha hafiki mmoja kati ya saba. Wasichana huwa wengi kuliko wavulana. Kila tawi linapofungwa, umbali alioupima Heyns unaongezeka, na anayeachwa ni mtoto ambaye mzazi wake hana gari wala nafasi ya kuacha kazi saa nne asubuhi.

Faini nayo hufukuza watu kimyakimya. Familia iliyowahi kudaiwa kwa kitabu kilichopotea chini ya kitanda hairudi, au mtoto anakatazwa kuchukua kitabu, anaambiwa asome hapohapo. Maktaba za Chicago zilipofuta faini za kuchelewesha mwaka 2019, vitabu vilivyokuwa vimekaa majumbani vilianza kurudi kwa wingi, na waliovirudisha walirudi pamoja navyo. Maktaba nyingi za Uingereza zimeshaondoa faini kwa watoto. Habari hiyo haijazifikia nyumba zote.

Nazifikiria hapa familia za Afrika Mashariki zilizoko London, Leicester na kwingineko. Mama anafanya kazi ya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee, baba anaendesha gari usiku, na wote wawili wanaamini kwamba maktaba ni mahali pa watu wanaojua Kiingereza vizuri. Wanadhani hawana la kuchangia. Wanalo. Kitabu cha Kiswahili kinasomwa kama kitabu kingine chochote, na kampuni ya Mantra Lingua ya London imechapisha vitabu vya watoto vya lugha mbili, Kiswahili kikiwamo, ambavyo mzazi anaweza kumwomba mkutubi avitafute. Na mzazi asiyesoma Kiingereza kwa ufasaha anaweza kufanya kilekile anachofanya yule kijana wa kujitolea: kuketi na kumwambia mtoto, haya, nisimulie kwa Kiswahili ulichosoma. Mtoto anayehamisha hadithi kutoka lugha moja kwenda nyingine amelazimika kuielewa yote.

Na huku kwetu? Kiangazi cha wiki sita hatuna, ila likizo tunazo: Juni na Desemba Tanzania, Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka Kenya. Tathmini za Uwezo, zilizowapima watoto majumbani Kenya, Tanzania na Uganda, zimeonyesha mara kwa mara kwamba wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Jibu letu kwa likizo limekuwa tuisheni. Kenya iliipiga marufuku katika kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na bado inaendelea kwa majina mengine, kwa sababu mzazi anaogopa mtoto kukaa bure. Hofu hiyo naielewa na siidharau. Ninachopinga ni kumjibu mtoto aliyechoka na daftari kwa kumpa daftari jingine.

Msingi wa kufanya vingine upo. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam mwaka 1967, na Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba mikoani. Nchini Kenya, tangu 1996, shirika la maktaba la taifa limepeleka masanduku ya vitabu kwa ngamia kwa jamii za wafugaji kaskazini mashariki, na hakuna namna bora ya kulikabili tatizo la umbali kuliko kukipeleka kitabu alipo mtoto. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, umesaidia hadithi za Kiswahili zichapishwe na zifike shuleni. Hadithi za bure za tovuti ya African Storybook zinaweza kuchapwa na shule yoyote yenye printa.

Kizuizi kikubwa ninachokiona hakihusu idadi ya vitabu pekee. Shule iliyobahatika kuwa na vitabu vya hadithi huvikusanya wiki ya mwisho ya muhula, huvihesabu, huviweka kabatini na kulifunga, kisha watoto wanakwenda likizo. Mwalimu mkuu hana kosa. Kitabu kikipotea anaulizwa yeye, na kwa hiyo anakilinda. Muda ambao mtoto ana saa nyingi za kusoma ndio muda ambao vitabu vimefungiwa.

Kuanza hakudai medali wala bango. Siku ya kufunga shule kila mtoto wa darasa la pili na la tatu achague vitabu viwili, jina lake liandikwe kwenye daftari, na katikati ya likizo kuwe na asubuhi moja ya kubadilishana, shuleni au kwenye ofisi ya kata, akiwapo mtu wa kumsikiliza. Vitabu vichache havitarudi, na vingine vitarudi vimelowa. Halmashauri iandike katika bajeti kwamba sehemu fulani itapotea kila mwaka, iinunue upya, na imwandikie mwalimu mkuu barua kwamba hatadaiwa.